Benchi za Ku Mwiko

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie jinsi msanifu majengo anavyogeuka kuwa mwanasiasa wa wafanyakazi. Katibu wa chama chetu cha mafundi aliniuliza swali hilo kwa heshima kubwa, kana kwamba ipo njia yenye alama, na mtu akiifuata atafika. Nilicheka mpaka Konsolata, mke wangu, akatoka jikoni kuja kuona kilichonipata. Mimi niliingia siasa kama mtu anavyoingia kwenye zege bichi: nilikuwa naangalia juu.

Kwa wasionijua, naitwa Maganga. Nimezaliwa Tabora, Tanzania, nimezeekea Gisenyi, Rwanda. Nilikuja hapa kijana, nimetumwa na ofisi moja ya usanifu kusimamia ujenzi wa nyumba ya wageni karibu na ziwa, kazi ya miezi michache. Nyumba ile ilikwisha, ikatumika, ikabomolewa, ikajengwa nyingine mahali pake, na mimi bado nipo. Nilimwoa Konsolata, mwalimu aliyezaliwa Goma kwa wazazi waliorudi huku baadaye. Nikapata uraia, nikala kiapo kwa Kinyarwanda ambacho afisa aliniomba nikirudie polepole, maana hakuamini masikio yake. Mpaka leo sokoni naitwa Mutanzania. Wajukuu wangu hawajawahi hata kuuona mpaka wa Rusumo, lakini wao ni wajukuu wa Mutanzania.

Kilichowachekesha watu zaidi ni upole wa Kiswahili changu. Siku za kwanza kwenye saiti nilikuwa nasema, "Samahani ndugu, naomba unisogezee hiyo ngazi." Mafundi wanaangaliana, wanadhani nimekuja kutangaza msiba. Kapita wetu, yaani msimamizi wa mafundi, alikuwa Boniface, mtu mzima aliyejenga nusu ya maisha yake Goma na Bukavu. Alinivuta pembeni.

"We Maganga," akaniambia, "ukisema samahani mbele ya kila kitu, siku utaangushia mutu jiwe ku muguu utasema nini?"

Boniface ndiye chuo changu cha pili, na niseme wazi kwamba cha kwanza kilinifundisha kuchora, yeye alinifundisha kusimama kwenye saiti. Haya mawe yetu meusi ya volkano, amakoro, yana matundu. Usipoyalowesha kwanza, yanakunywa maji yote ya saruji na saruji inakauka kabla haijashika. Boniface alikuwa anapita na kopo. "Umupe jiwe maji kwanza," anasema. "Hata mugeni unamupa maji mbele ya kumuuliza habari." Alinifundisha pia kwamba upepo wa ziwa ukivuma, timazi, ile kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia wima, inacheza na ukuta wako unakwenda nayo. Tumbukiza ile risasi ya timazi kwenye ndoo ya maji, itatulia. Na linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, izunguke nyumba nzima bila kukatika, kwa sababu hapa ardhi ina desturi ya kutukumbusha kwamba tumejenga jirani na mlima unaopumua. Hayo matatu yashikeni. Mengine yote nitakayoandika hapa mnaweza kuyasahau.

Niwape kisa kimoja cha usanifu kabla sijafika kwenye siasa, maana kinahusika. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alitaka nyumba ya kisasa. Nikamchorea jiko la ndani, wazi, linaloungana na sebule, ili mama akipika awe anazungumza na wageni. Mke wake aliisifu ile ramani mbele yangu kwa dakika nyingi. Nyumba ikajengwa, nikaalikwa chakula. Jikoni kulikuwa na vikombe vya kioo vimepangwa na maua ya plastiki ndani ya jagi. Harufu ya maharage ilikuwa inatoka nyuma ya nyumba, ambako mama alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa kama kawaida.

"Jiko ile iko muzuri sana, Papa," akaniambia nilipomuuliza. "Sasa nitaichafua juu ya nini?"

Nilicheka, nikala, nikaenda zangu. Ningekaa nikakitafakari kisa kile vizuri, pengine leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Sasa siasa. Chama chetu cha mafundi na wasaidizi wao kilianzishwa na Boniface na wenzake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwaendea wenye majengo na kuwaomba mambo ya kawaida: maji ya kunywa kwenye saiti, kofia ngumu, mahali pa wanawake kubadilishia nguo. Boniface aliongoza mazungumzo mwenyewe, na kila kikao kilikwisha kwa watu kushikana mashati. Siku moja akasema aende Mutanzania. Sababu yake ilikuwa kwamba hakuna mtu anayeweza kumkasirikia mtu ambaye bado anasema samahani.

Ilifanya kazi. Nilikuwa naanza: "Samahani sana mzee wangu, kama nisingekuwa najua moyo wako ulivyo, nisingethubutu kuja kukusumbua hapa leo na haka kajambo ketu kadogo…" Tajiri anaangalia saa. Mimi bado naizunguka sentensi. Kabla sijafika kwenye lile ombi lenyewe anasema, "Sawa, sawa, watapata kofia!" Hivyo ndivyo nilivyopata sifa ya kuwa mpiganaji hodari wa haki za wafanyakazi. Vijana, msidharau uchovu wa mtu mwingine, ni nyenzo.

Baada ya hapo chama kikataka mtu wake ndani ya njyanama, yaani baraza la wilaya. Wakanisukuma mimi. Na katika kampeni lazima uahidi kitu, ndipo tukafika kwenye hadithi yenyewe, hadithi ya Ku Mwiko.

Wote mnapajua Ku Mwiko, lakini pengine hamjui palivyokuwa. Ni pale barabara inapopanda kutoka mjini kuelekea Rugerero. Kila asubuhi wasio na kazi ya kudumu walikuwa wanasimama pale kando ya lami, wametoka Rugerero, Kanzenze, wengine mbali kule Busasamana. Na kila mmoja anainua kifaa chake. Mwashi anainua mwiko, mpaka rangi anainua brashi, seremala msumeno, msaidizi beleshi. Pikapu ya saiti inakuja, inapunguza mwendo, kapita anatoa mkono dirishani: "We, na we, na yule mama. Mukuje!" Wanapanda, gari linaondoka. Hakuna maswali. Ukiwa umesimama umeinua kifaa, unasema una nguvu, una ujuzi, na uko tayari sasa hivi.

Kati ya waliosimama pale alikuwepo Devota. Devota ni yede, kama tunavyowaita hapa wasaidizi wa mafundi, wale wanaobeba mawe na kuchanganya saruji. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu na hana shamba hata la kupanda kitunguu. Siku akichukuliwa, jioni sufuria linapanda jikoni. Asipochukuliwa, linabaki limening'inia ukutani. Ndivyo alivyonieleza mwenyewe, na hakuwa analia, alikuwa anaeleza jinsi nyumba yake inavyoendeshwa.

Katika mkutano wa kampeni niliwauliza wanataka nini. Devota ndiye aliyesimama kwanza.

"Tunataka paa!" akasema. "Mvua inatupiga, jua inatupiga. Na benchi! Bon, sisi hatuna mugongo? Tunasimama kama miti tangu asubuhi!"

Watu walipiga makofi, walipiga na ndoo. Boniface akapiga kelele, "Benchi ya kuegemea!" Hapo mkutano uliisha, kwa sababu hapakuwa na la kuongeza. Nilishinda uchaguzi kwa benchi, na sijui kama yupo mwingine katika nchi hii mwenye sifa hiyo.

Barazani nilimkuta Afande Karangwa, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa wilaya. Mtu mnyoofu, mgumu, anayependa mji usafike. Siku ya kujadili ombi langu alikuwa na hasira na vijana wote wa dunia.

"Mimi najenga nyumba yangu pale juu," akasema. "Mafundi wanachelewa, wanachagua kazi. Watu wa siku hizi ni wavivu! Halafu unaniambia tuwape benchi?"

Nikaanza samahani zangu. Nikazunguka, nikazunguka. Akanikatiza kwa mkono.

"Okay! Jenga paa lako. Lakini order, Mheshimiwa. Siku paa likifunguliwa, sitaki kuona mtu na beleshi kando ya barabara. Kila mtu ndani. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, Afande," nikamjibu. Nilitoka nimejaa furaha. Nani angetaka kusimama juani wakati kuna benchi ya kuegemea? Nilimsimulia Konsolata, naye akafurahi. Nikamsimulia Boniface, akafurahi zaidi. Nawataja ili mjue hatukuwa wajinga mmoja mmoja.

Nikachora. Na niwaambie ukweli, nilichora vizuri. Paa la kenchi za mbao, pana, lenye mteremko unaofuata mlima. Upande wa barabara ukuta wa mawe ya amakoro unaofika kifuani, wa kuzuia vumbi na upepo. Ndani benchi za mbao ya msipresi, zenye mgongo ulioinama kidogo, nilizozijaribu kwa kuzikalia mimi mwenyewe mpaka seremala akadhani nimelala. Boniface alikuwa ameshaacha kazi nzito, lakini ukuta ule aliujenga kwa mikono yake, kila jiwe amelilowesha, kila kiungo kimekaa. Nilikuwa nikipita nashuka kwenye pikipiki nikaushike tu.

Ufunguzi ulikuwa na ngoma, utepe na soda. Devota alikaa benchi ya mbele, akaegemea, akafumba macho, watu wakapiga picha. Afande Karangwa akahutubia kuhusu utaratibu. Wiki hiyo hiyo maharusi wawili walikuja kupiga picha mbele ya ukuta wangu, wakisema mawe meusi yanapendezesha shela nyeupe. Nilizidi kuvimba kichwa.

Jumatatu nilipita asubuhi. Benchi zilikuwa tupu. Watu wote walikuwa nje kando ya lami, wamesimama, wameinua miko na brashi, na mvua ilikuwa inanyesha. Devota alikuwa wa kwanza kabisa, maji yanachuruzika kwenye beleshi.

"Mama Devota! Benchi je?"

"Benchi iko muzuri, Papa." Hakuniangalia, alikuwa anaangalia magari. "Lakini mwenye kukaa, nani atamuchukua?"

Nilisimama pale nimelowa. Mbona hakusema siku ile? Nilimuuliza. Akanijibu kwa uaminifu kabisa kwamba hata yeye hakujua mpaka alipokaa. Pikapu ya kwanza ilipita, kapita akatazama juu ya ukuta, akaona vichwa vimeegemea, akaongeza mwendo. Mtu aliyekaa anaonekana amechoka, au anangoja mtu, au kazi si shida yake. Tulikuwa tumekaa mkutano mzima, watu mia na ushee wanaoishi kwa kusimama, tukapitisha kwa makofi tupewe pa kukaa.

Mngedhani hapo ndipo mwisho: benchi zikae tupu kama jiko la mke wa yule mfanyabiashara wa mbao, kazi iendelee. Lakini kulikuwa na lile sharti nililolikubali nikitabasamu. Vijana wa usalama wa wilaya wakafika. Kwa upole, sina neno juu yao, wakawaingiza watu wote ndani ya paa, wakawaomba wakae, na vifaa wavisukume chini ya benchi ili pasionekane uchafu. Kesho yake vivyo hivyo. Pikapu zikapita. Baada ya muda mfupi hazikupita tena, makapita walikuwa wamejua pengine pa kutafuta watu.

Nilikwenda kwa Afande Karangwa kuomba sharti liondolewe. Nilisema samahani nyingi kuliko siku zote za maisha yangu, na kwa mara ya kwanza hazikumchosha mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe uliomba shelter," akasema. "Baraza likatoa shelter. Sasa unataka niende pale mbele niseme baraza lilikosea? Hapana, Mheshimiwa. Never."

Siku chache baadaye Devota alikuja nyumbani kwangu mapema. Alikuwa ametembea kutoka Rugerero, beleshi begani. Aliliegemeza kwenye geti, akakataa chai.

"Nilikupigia kura," akasema. "Nilikupigia makofi. Nilipiga mpaka ndoo. Na sasa mi niko nakaa pale kama mutu anangoja harusi. Kazi inapita, naiangalia inaenda. Wiki hii hata siku moja sijachukuliwa. Watoto wanakula kwa dada yangu, na dada naye ameanza kunyamaza nikiingia." Akalichukua beleshi lake. "Papa Mujumbe, hiyo kitu ulitupa, uichukue."

Konsolata alikuwa mlangoni, amesikia yote. Niliona aibu, vijana. Si aibu ya kuchekesha ninayowachezea hapa tangu mwanzo. Nilikuwa nimempa mtu heshima, nikamnyang'anya chakula, na vyote viwili vilikuwa kwenye ramani moja.

Kilichotuokoa ni sifa. Paa letu lilikuwa limesifiwa huko nje, na wageni wa wilaya nyingine wakaja kwa ziara ya kujifunza jinsi sisi tunavyowatunza wafanyakazi. Amri ikatoka: benchi zijae, watu wawe safi, vifaa visionekane. Siku hiyo ndipo nilipoona Ku Mwiko imejaa watu wasio na kazi mpaka pomoni, wamevaa nguo za kanisani, wamekaa wima. Boniface naye aliletwa, akawekwa mwisho wa benchi kama fundi mwasisi.

Afande Karangwa aliwaeleza wageni kwamba hapa mfanyakazi anapata kazi kwa heshima. Kiongozi wa wageni, mama mmoja mpole mwenye miwani, akamgeukia Devota.

"Na wewe mama, leo umeshapata kazi?"

"Leo?" Devota akasema. "Leo kazi yangu ni kukaa."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Yule mama hakucheka. "Na jana?"

"Jana pia nilikaa."

"Sasa anayekuja kuwachukua hapa ni nani?"

Devota akaitazama barabara. Tukasikia honi. Pikapu nyeupe ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kanzenze, nyuma imesheheni wanaume na wanawake wamesimama, wameshikana mabega, miko na mabeleshi hewani. Dereva alipomwona bosi wake amesimama mbele ya wageni, alipiga honi tena kwa furaha, akapunga mkono. Ilikuwa ni pikapu ya Afande Karangwa, inapeleka watu kwenye nyumba yake.

Afande naye akainua mkono kupunga, kwa mazoea. Kisha mkono ukabaki juu. Aliitazama pikapu, akazitazama benchi, akaitazama tena pikapu inavyopotea kwenye kona. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo taratibu hivyo, kuanzia mkononi. Boniface alinong'ona kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwa wageni wa nyuma: "Na wale wa Kanzenze hawakukuwa wavivu, kumbe."

Sikusema kitu mbele ya watu. Hilo ni funzo, liandikeni: mkubwa akiwa ameinua mkono hivyo, usimsaidie kuushusha. Nilingoja jioni, nikamfuata ofisini kwake bila samahani hata moja. Nilikuwa na kalamu na karatasi.

"Afande, sharti lako libaki," nikamwambia. "Hakuna mtu atakayesimama kando ya barabara. Ila nataka awamu ya pili ya mradi." Nikamchorea. Ukuta wa mbele unaondoka. Njia ndogo inaacha lami, inapita chini ya paa, inatokea upande wa pili. Benchi zinaondoka. Watu wanasimama ndani, pande mbili, na pikapu zinapita katikati yao.

Aliikodolea macho ile karatasi. "So watu watakuwa ndani."

"Wote ndani."

"Sharti halijabadilika."

"Hata nukta, Afande."

"Awamu ya pili," akasema, akilionja lile neno. Kisha akavuta pumzi. "Maganga, yule mama… aliketi siku ngapi?"

Nikamwambia nyingi. Akatia sahihi bila kuuliza zaidi, na baadaye barazani alitetea awamu ya pili kama wazo lake. Nikampigia makofi, tena kwa moyo mmoja.

Ikabaki ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini ukishaujenga ukuta halafu ukauhitaji ufa. Boniface alikuwa ameujenga vizuri mno. Nyundo zilikuwa zinaruka. Mafundi vijana walipiga asubuhi nzima wakaangusha kona moja, mpaka yeye mwenyewe, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumshinda, akaomba ainuliwe kwenye kiti alichokalia akitazama, akaja kuwaonyesha jiwe la kuanzia. Aliligusa, akasogea. Nilikuwa nimesimama karibu naye na macho yalinijaa machozi. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora kilikuwa kinabebwa kwa beleshi na Devota, aliyeajiriwa siku hiyo kuondoa kifusi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu ufunguzi. Alikuwa anaimba.

"Unalia ukuta?" Boniface akaniuliza.

"Wewe hulii?"

"Mimi nililia usiku, nikamaliza," akasema. Alifariki mwaka uliofuata, na mpaka leo nikiona jiwe limewekwa kavu kwenye saiti yenu, namsikia akitafuta kopo lake.

Paa likafanya kazi. Makapita walilipenda kwa sababu mikono yao hailowi tena wanaponyoosha vidole. Maharusi walihama, wakatafuta ukuta mwingine. Mimi nikamaliza vipindi vyangu, nikastaafu siasa kama nilivyostaafu kuchora, na Devota akawa kapita wa wasaidizi, mwanamke wa kwanza kwenye chama chetu. Siku hizi ni yeye anayetoa mkono dirishani.

Mtaniuliza benchi zilikwenda wapi. Zilihamishiwa ofisi ya wilaya, kwenye ukumbi ambako wananchi wanasubiri kuonana na wakubwa. Huko hakuna aliyewahi kuzilalamikia, zinatumika kutwa.

Majuzi tumesikia kwamba barabara ya Rugerero itapanuliwa na paa la Ku Mwiko liko kwenye njia ya upanuzi. Chama kikanituma tena, mzee mzima, mimi na Devota, kwenda kuuliza paa litahamishiwa wapi kabla halijabomolewa, maana likivunjwa bila jibu, wale wote wanarudi mvuani na sharti lile la zamani bado lipo kwenye sheria za wilaya. Tulifika mapema kwenye ukumbi ule wa wilaya. Benchi zilikuwa zimejaa watu. Kijana mmoja akanipisha, nikakaa, nikaegemea. Jamani, ule mgongo nilikuwa nimeupatia kweli. Usingizi ulianza kunichukua. Mlango wa ofisi ulifunguka mara mbili, ukafungwa, na hakuna aliyeitwa.

Devota hakukaa. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, na beleshi lake, ambalo mlinzi alikuwa amekataza lisiingie na yeye akakataa kuliacha, lilikuwa begani.

"Papa," akaniambia. "Unafanya nini pale chini?"

"Nangoja, mama."

"Simama. We mwenyewe unajua."

Nikainuka. Nikaenda nikasimama kando yake. Sikuwa na mwiko, nikainua fimbo yangu. Watu wa kwenye benchi walituangalia kama wazee waliochanganyikiwa. Mlango ukafunguka mara ya tatu. Katibu wa ofisi akatoa kichwa, macho yake yakapita juu ya benchi zote tangu mwanzo mpaka mwisho, yakatufikia.

"We, na we," akasema, akatunyooshea kidole. "Mukuje."